Waziri Kiongozi: kiti cha Unguja kikitazamwa kutoka Kidatu

Chini ya mlima, pale Kidatu katika bonde la Kilombero, maji ya Mto Ruaha Mkuu huporomoka kupitia handaki refu na kuzungusha mitambo minne. Kila mmoja una uwezo wa kufua megawati 51, na yote kwa pamoja 204. Kituo kilianza kazi mwaka 1975, na kwa miaka mingi nchi haikuwa na kingine cha kukifikia. Umeme wake hupanda laini kubwa, ukapita Morogoro hadi Ubungo na kuingia katika gridi ya taifa. Tangu mwaka 1980 sehemu ya umeme wa gridi hiyo huzama baharini Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na kuibukia Fumba, kisiwani Unguja.

Tarehe 21 Mei 2008 Unguja iliingia gizani, ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza kwenye majokofu, na mwenye jenereta ndiye aliyekuwa na taa. Desemba 2009 balaa likarudi, safari hii kwa miezi mitatu. Mitambo ya Kidatu haikuwa na hitilafu. Tatizo lilikuwa katika njia ya kuufikisha umeme kisiwani. Umeme nao haumo katika orodha ya Mambo ya Muungano: TANESCO ya Bara huliuzia Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hukaa mezani kama mteja. Msimamizi wa shughuli za kila siku za serikali hiyo, katika giza la kwanza na la pili, alikuwa Shamsi Vuai Nahodha. Cheo chake kiliitwa Waziri Kiongozi.

Vijana wengi wa bonde la Kilombero hawajawahi kukisikia cheo hicho. Katika awamu yake ya mwisho kilidumu miaka 27, kikafutwa mwaka 2010. Naona kinastahili kuelezwa, na kuelezwa hapa Bara hasa, kwa sababu ndicho kilichokaribia zaidi, katika historia ya Tanzania, nafasi ambayo Wahindi wameiweka katika kila jimbo lao: mkuu wa serikali ambayo ni serikali kamili, lakini imo ndani ya nchi kubwa zaidi.

Kwanza tuitazame India. Chini ya katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, kila jimbo lina gavana aliyewekwa na Rais wa nchi, na lina Waziri Kiongozi. Gavana ndiye anayemwapisha Waziri Kiongozi, lakini hamchagui atakavyo. Lazima amwite yule anayeungwa mkono na wabunge wengi wa jimbo, na wabunge hao wakimkataa, anaondoka. Jyoti Basu aliongoza West Bengal tangu 1977 hadi 2000 akiwa mkomunisti, huku New Delhi ikitawaliwa na vyama ambavyo havikuwa vyake. Narendra Modi alikaa Gujarat tangu 2001 hadi 2014, kisha akatoka hapo moja kwa moja kwenda kuwa Waziri Mkuu wa nchi nzima.

Mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 1959 serikali ya E.M.S. Namboodiripad wa Kerala, iliyochaguliwa kihalali miaka miwili kabla, ilivunjwa na serikali kuu kwa kutumia ibara ya 356. Ibara hiyo ilitumika vibaya mara nyingi baadaye, mpaka Mahakama ya Juu ilipoibana mwaka 1994 katika kesi ya S.R. Bommai, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Karnataka. Majaji walisema wingi wa kura hupimwa ndani ya bunge la jimbo, si ofisini kwa gavana.

Sasa turudi kwetu. Waingereza walikipanda cheo hiki Afrika Mashariki kama kidaraja cha kuelekea uhuru. Julius Nyerere alikikalia Tanganyika tangu Septemba 1960, baada ya TANU kuzoa viti 70 kati ya 71, na Mei 1961 akawa Waziri Mkuu. Zanzibar haikwenda laini namna hiyo. Uchaguzi wa Januari 1961 uliishia sare, kila upande viti 11, na kwa miezi michache kiti kikashikwa na ofisa wa kikoloni, Geoffrey Lawrence. Uchaguzi ulirudiwa Juni, katikati ya machafuko yaliyoua watu 68. Ndipo Mohammed Shamte Hamadi wa chama cha ZPPP, kwa kuungana na chama cha ZNP, akawa Waziri Kiongozi, na miaka miwili baadaye Waziri Mkuu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali yake, na kwa karibu miaka 20 Zanzibar haikuwa na mtu mwenye cheo hicho. Rais na Baraza la Mapinduzi walishika kila kitu.

Cheo kilirudi mwaka 1983, wakati wa Aboud Jumbe, na wa kwanza kukishika alikuwa Brigedia Ramadhani Haji Faki. Hakukaa. Januari 1984 Jumbe alilazimika kujiuzulu mbele ya wakuu wa chama tawala Dodoma, kwa mgogoro uliohusu muundo wa Muungano wenyewe, na Faki naye akaondoka. Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, akamteua Seif Sharif Hamad.

Hapa pana mengi. Maalim Seif alikuwa na miaka 40, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, na alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Elimu. Yeye na Mwinyi walifungua milango ya biashara, na maduka ya Unguja yaliyokuwa matupu yakajaa bidhaa wakati Bara bado tunapanga foleni ya sabuni na sukari, sisi tuliokuwa tumezungukwa na miwa. Katiba mpya ya mwaka 1984 iliweka haki za binadamu kwa maandishi, ikalipa nguvu Baraza la Wawakilishi. Kulikuwa na kiongozi wa serikali anayesimama mbele ya wawakilishi kujibu hoja zao.

Lakini angalia jinsi cheo kilivyofungwa. Rais ndiye aliyemteua Waziri Kiongozi kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza, na Rais ndiye aliyeweza kumwondoa. Mwinyi alipochukuliwa kwenda kuwa Rais wa Muungano mwaka 1985, Idris Abdul Wakil alichaguliwa Zanzibar, na Pemba ikampa kura chache. Seif aliendelea na kazi chini ya rais ambaye hawakuwa kitu kimoja. Januari 1988 Wakil alilivunja Baraza la Mapinduzi, na alipoliunda upya, jina la Seif halikuwemo. Hakuna kura iliyopigwa katika Baraza la Wawakilishi, wala hoja haikujadiliwa. Mei mwaka huohuo chama kilimfukuza, na mwaka uliofuata akawekwa kizuizini mpaka mwishoni mwa 1991.

Namboodiripad naye aliondolewa bila kura ya wabunge wake. Tofauti ni kwamba Kerala ilikuwa na njia ya kurudi: alishinda tena mwaka 1967, akakaa kwenye kiti kilekile. Kwa Seif njia hiyo haikuwepo. Ilibidi asubiri vyama vingi, ajiunge na wenzake kuunda chama cha CUF, na agombee urais wa Zanzibar. Mwaka 1995 alitangazwa kupata asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour. Sidhani kama uhasama wa miaka ile, na damu iliyomwagika Januari 2001, vinaweza kuelezwa bila kuanzia kwenye uamuzi ule wa 1988.

Waliomfuata walikuwa na safari tulivu zaidi. Omar Ali Juma alikaa hadi 1995, Mohamed Gharib Bilal hadi 2000, na wote wawili baadaye walikuwa Makamu wa Rais wa Muungano. Nahodha alikuwa wa mwisho. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana na kupatana. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na katiba ikabadilishwa. Waziri Kiongozi akatoka, wakaingia makamu wawili wa rais. Wa Kwanza hutoka chama kinachofuata kwa kura, na kiti hicho alikikalia Seif mwenyewe. Wa Pili huongoza shughuli za serikali Barazani, kazi ileile aliyokuwa akiifanya Waziri Kiongozi. Wa Pili bado ni mteule wa Rais, na Rais bado anaweza kumtengua.

Huku Bara hatukuwahi kuwa na chochote cha aina hiyo tangu Nyerere alipopanda ngazi kutoka kwenye kile kiti. Ukivuka Ruaha kwa daraja pale Kidatu umetoka wilaya ya Kilombero na kuingia ya Kilosa, na kiwanda kimoja cha sukari kina mashamba pande zote mbili. Mkulima wa miwa mwenye mgogoro unaogusa wilaya mbili huupeleka kwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Ibara ya 61 ya Katiba ya Muungano inasema Mkuu wa Mkoa wa Bara huteuliwa na Rais kwa kushauriana na Waziri Mkuu. Mkoa huu ni mkubwa kuliko Ubelgiji mara mbili na zaidi, lakini hauna baraza lililochaguliwa la kumwita mkuu wake na kumuuliza kwa nini.

Serikali ya Bara nayo haina mkuu wake. Rais wa Muungano na Waziri Mkuu wanabeba mambo ya Muungano na ya Bara katika kapu moja, ndiyo maana ni vigumu kwa Mzanzibari anayedaiwa bili ya TANESCO kujua anadaiwa na mwenzake au na nchi yake. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza wadaiwa sugu wa TANESCO wakatiwe umeme, Zanzibar ikiwemo. Aliyetoa agizo alikuwa Rais wa Wazanzibari pia.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipendekeza serikali tatu, ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika, mwaka 1992. Wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika mwaka 1993. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliandika serikali tatu katika rasimu yake, na Bunge Maalumu la Katiba likaziondoa mwaka 2014. Mimi naunga mkono Warioba. Tanganyika ikiwa na mkuu wa serikali anayewajibika kwa bunge lake, tutakuwa na mtu wa kukaa mezani na Zanzibar kupanga bei ya umeme kama jirani na jirani, na bonde la Kilombero litajua ni mlango gani wa kubisha kuhusu maji ya Ruaha, ambayo miaka ya ukame hupungua kabla hayajafika bwawa la Mtera, juu ya Kidatu.