Bi Kidude: Somo asiyeona haya

Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kuimba katika nchi nyingi. Kila aliporudi Zanzibar alikuwa yuleyule: mwimba taarabu, mpiga msondo na somo wa unyago.

Hakujaaliwa mtoto, lakini mabinti wengi walipita mikononi mwake. Aliwafunda kuhusu miili yao na unyumba, mambo ambayo wazazi wengi huona aibu kuyataja. Hakujifanya mwingine ili apendwe. Hata sigara aliivuta mbele za watu.

Sigara hiyo si ya kuigwa. Cha kuigwa ni ule ulimi usioficha.

Mzazi, usingoje binti yako avunje ungo ndipo uzungumze naye. Wapo wanaoanza hedhi wakiwa na miaka 9 au 10, na asiyeandaliwa hudhani ameumia au anaumwa. Mweleze mapema, kwa maneno ya kawaida. Mwonyeshe pedi na namna ya kuitumia.

Bi Kidude alifariki Aprili 17, 2013. Kazi ya somo imebaki nyumbani kwako.