Eksosomu: Je, Ni Dawa ya Moyo na ya Sukari?

Siku hizi watu wanasikia habari ya dawa mpya iitwayo eksosomu. Wengine wanasema inaponya moyo na ugonjwa wa sukari. Soma maneno haya polepole, kwa maana mtu asiyejua anaweza kupoteza feza zake, na uzima wake pia.

Eksosomu ni nini?

Mwili umejengwa kwa chembe nyingi, ndogo sana. Chembe hizi zinatoa vifuko vidogo zaidi, ndivyo eksosomu. Ukipanga elfu kumi katika mstari, vitafika karibu milimita moja tu. Mwaka wa 1983, huko Montreal katika Kanada, wenye elimu waliviona vikitoka katika chembe changa za damu ya kondoo. Kwa miaka mingi watu walidhani ni takataka tu. Lakini mwaka wa 2007, huko Göteborg katika Uswidi, ilionekana ya kwamba vinabeba maagizo kutoka chembe moja hata nyingine. Ni kama barua: chembe inayoipokea inaanza kazi.

Barua njema na barua mbaya

Mwaka wa 2010 wenye elimu wa Singapore walifunga kwa muda mshipa wa moyo wa panya, wakawapa vifuko vya chembe changa za mtu. Nyama ya moyo iliyokufa ilikuwa kidogo kuliko katika panya wasiopewa.

Mwaka wa 2017, katika California, wengine walitoa vifuko katika mafuta ya panya wanene, wakawapa panya wembamba. Hao wembamba wakaanza kushindwa kutumia sukari vizuri. Vifuko vya wembamba, navyo, viliwasaidia wanene.

Basi tazama: kifuko kinaweza kusaidia ao kudhuru, kwa kadiri ya kilichomo ndani.

Je, tunaweza kukitumia sasa?

Hapana, bado. Panya si mtu. Mwezi wa Desemba 2019 serikali ya Marekani iliwaonya watu, kwa sababu wagonjwa katika jimbo la Nebraska walipata madhara makubwa walipokwisha kutiwa dawa za namna hii zisizo na ruhusa.

Tufanye nini?

1. Mwenye ugonjwa wa sukari asiache insulini ao vidonge vyake. Mtu anayeishi kwa insulini akiiacha, anaweza kufa kwa siku chache.

2. Mwenye tansio, ndiyo damu kusukuma kwa nguvu mno, ameze dawa yake kila siku, hata akijisikia mzima. Apunguze chumvi.

3. Mtu akitaka kukuuzia sindano ya eksosomu, hapa Kambove ao mjini Likasi, usitoe feza. Njoo kwanza kwa munganga, uulize: Imepimwa kwa watu? Nani ameitolea ruhusa?

Umsomee habari hii jirani asiyejua kusoma.