Kuhamisha Shauri la Jamaa Kutoka Kaunti Moja Hadi Nyingine

Shauri la jamaa halifanani na shauri la deni. Deni likiisha kulipwa, mdai na mdaiwa huachana, kila mtu akashika njia yake. Lakini shauri la talaka, la malezi na matunzo ya watoto, au la urithi, huweza kudumu miaka mingi, na katika miaka hiyo watu huhama. Baba hupata kazi Mombasa, mama hurudi kwa wazazi wake Kakamega, na mtoto huenda na mmoja wao. Jalada la shauri hubaki palepale lilipofunguliwa. Ndipo watu huuliza kama shauri laweza kuhamishwa, likasikizwe karibu na nyumbani. Jibu ni kwamba laweza, lakini kwa njia ya sheria, wala si kwa kupenda kwa mtu mmoja.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba mahakama si mali ya kaunti. Kaunti 47 za Kenya ziliwekwa na Katiba ya mwaka 2010, na serikali zake zikaanza kazi mwaka 2013. Mahakama hazikugawanywa pamoja nazo. Zote ni za idara moja ya taifa, na sheria itumikayo Lodwar ndiyo itumikayo Lamu. Kwa hiyo gavana hana amri juu ya jambo hili, wala chifu, wala karani wa mahakama. Tena, mtu asidhani kwamba akihamia kaunti nyingine atakuta sheria iliyo nyepesi zaidi. Kinachobadilika ni mahali pa kusikizwa tu.

Kwa kawaida shauri hufunguliwa mahali mdaiwa anapokaa au anapofanya kazi yake, au mahali jambo lenyewe lilipotokea. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai katika kifungu cha 15. Maana yake ni kwamba mara nyingi mahakama mbili au zaidi huwa na haki ya kusikiza shauri moja. Mdai akichagua moja, mdaiwa aweza kuomba lipelekwe kwenye nyingine. Lakini kifungu cha 17 chataka aombe mapema iwezekanavyo. Kifungu cha 16 nacho chaonya kwamba mtu asiyepinga mahali pa shauri katika mahakama ya kwanza, hataruhusiwa kulipinga jambo hilo wakati wa rufani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwenye mamlaka ya kuamua ni Mahakama Kuu. Hakimu wa mahakama ya chini hawezi kulitoa shauri lililo mbele yake na kulituma kwa hakimu wa mji mwingine. Kifungu cha 18 chaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuliondoa shauri katika mahakama ya chini wakati wowote, ikalisikiza yenyewe au ikalipeleka kwenye mahakama nyingine ya chini yenye haki ya kulisikiza. Mahakama za Makadhi, ambazo huamua mambo ya ndoa, talaka na urithi wa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, nazo ni mahakama za chini kwa mujibu wa Katiba.

Aombaye hupeleka ombi la maandishi pamoja na hati ya kiapo yenye kueleza sababu zake. Ni vema aambatanishe ushahidi: barua ya shule ya mtoto, vyeti vya hospitali, au hesabu ya nauli. Upande wa pili lazima upewe nakala na nafasi ya kujibu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuomba msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Jaji hupima mambo mengi: mashahidi wako wapi, gharama za safari ni kiasi gani, ni nani atakayeumia zaidi shauri likihamishwa au likiachwa, na kama ombi limeletwa kwa nia njema. Ikiwa jaji hakuridhika kwamba kuhamisha kunafaa, ombi hukataliwa. Palipo na mtoto, kipimo ni kikubwa zaidi. Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kwamba faida ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo limhusulo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yashika neno hilo hilo. Basi mzazi asiseme tu, "Mimi nachoka na safari." Aonyeshe jinsi safari hizo zinavyomwondoa mtoto shuleni, au zinavyokula fedha za kumlisha.

Kuna mtego mmoja uliowanasa wengi. Katika mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Uganda iliamua, katika shauri la Kagenyi na Musiramo, kwamba shauri lililofunguliwa katika mahakama isiyo na haki ya kulisikiza haliwezi kuhamishwa. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilishika msingi huo huo mwaka 2019. Shauri la namna hiyo ni kama mbegu iliyopandwa juu ya mwamba: kulihamisha hakutalipa uhai. Dawa yake ni kuliondoa na kufungua jingine mahali panapostahili.

Kabla ya kuomba, mtu aangalie pia kama kuhama kunahitajika. Siku hizi mahakama huweza kusikiza watu kwa njia ya video, na tangu mwaka 2024 hati hupelekwa kwa mtandao katika vituo vya mahakama nchini kote. Ikiwa tatizo ni shahidi mmoja aliye mbali, huenda njia hiyo ikatosha. Na ikiwa malalamiko ni kwamba hakimu anapendelea, jambo la kwanza ni kumwomba hakimu huyo ajitoe.

Mwisho, ombi la kuhamisha shauri halifuti amri iliyokwisha kutolewa. Baba aliyeamriwa kulipa matunzo ataendelea kulipa, na mama aliyeamriwa kumruhusu baba amwone mtoto ataendelea kumruhusu, mpaka mahakama iseme vingine. Mtu asiache kwenda siku iliyotajwa kwa kuwa ameomba kuhama, wala asifungue shauri la pili juu ya jambo lile lile katika mji mwingine. Jalada laweza kungoja amri ya jaji. Tumbo la mtoto haliwezi.