MKUNJE, USIMVUNJE

Hakuna darasa lisilokuwa na mtoto mmoja au wawili wenye kuvuruga masomo. Huyu huwachokoza wenzake, yule humjibu mwalimu kwa jeuri, na mwingine husinzia wakati wenziwe wanaandika. Madarasa yetu mengi yamefurika tangu Serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada mwezi Januari 2016. Hivyo si ajabu mwalimu aliyechoka akashika fimbo kwanza na kuuliza baadaye.

Sisi tunasema swali litangulie.

Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yaendayo Zambia na yarudiyo hayajui usiku wala mchana, na biashara huyafuata. Mtoto aliyekesha akiuza mayai ya kuchemsha, au aliyeachiwa wadogo zake kwa kuwa mama yuko safarini, hawezi kufika shuleni sawa na mwenziwe aliyelala akashiba. Mwingine haoni ubao, au hasikii vema, naye huificha aibu yake kwa utundu. Fimbo haitibu njaa wala masikio.

Tunapenda kukumbusha kwamba kanuni za viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliweka mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni. Msiba ule ulitosha kuwa funzo.

Ndugu walimu, mwiteni mtoto faragha, mketisheni mbele, mpeni dhamana ya kugawa madaftari, na mwiteni mzazi kwa shauri, si kwa mashitaka. Nanyi wazazi, mkiitwa nendeni. Mtoto hawezi kulelewa na mwalimu peke yake. Kamati za shule na wenyeviti wa mitaa hawana budi kumfuatilia kila mtoto anayetoroka.

Kwani mtoto anayefukuzwa darasani hapa Tunduma hakosi pa kwenda. Mpaka una njia za panya, na wapitisha magendo hawaulizi cheti cha shule.

Wahenga walituusia: samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.