Mshauri Naye Arudi Darasani

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la ofisini tu, halimhusu mwananchi: masomo ya kuendelea kwa washauri nasaha na wafanyakazi wa jamii. Linamhusu sana. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufunza.

Mwaka 2023 alikuja ofisini kwetu nyanya mmoja wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale. Mjukuu wake wa miaka 11 alikuwa ameshikwa Marikiti na simu ya mtu, akapelekwa kituoni. Nyanya alitaka kujua kama mtoto atashtakiwa. Tulimjibu bila kusita. Sisi tulisoma diploma zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tulifunzwa kwamba mtoto akishatimiza miaka 8 aweza kufikishwa mbele ya hakimu, ikithibitishwa alijua analofanya ni kosa. Basi tukamwambia ajiandae kwa mahakama ya watoto kule Tononoka, na atafute pesa za wakili. Siku ya pili akarudi na shilingi 18,000 kwenye kifundo cha leso. Alikuwa ameuza bangili moja ya dhahabu, katika zile mbili za arusi yake.

Tulipofuatana naye hadi kwa afisa wa watoto ndipo tulipofahamishwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Hata aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka mahakama ionyeshwe vingine. Kwa hivyo hapakuwa na kesi. Mtoto alirudi nyumbani, na ofisi ya watoto ikalichukua jambo lake kama jambo la malezi. Pesa nyanya alikuwa nazo bado, lakini sonara alikuwa ameshaiyeyusha bangili.

"Wanangu," akatuuliza, "hamukujua ama hamukuuliza?"

Ukweli ni kwamba hatukuuliza. Barua ya kutualika kwenye semina ya siku moja juu ya sheria hiyo ilikuwa imeletwa ofisini miezi mingi kabla. Semina ilikuwa Jumamosi, nauli kila mtu na yake, na mmoja wetu akasema, "Ah, sisi tuna diploma, hizo ni za vijana." Barua ikageuka kitambaa cha birika la chai. Tuliiona baadaye, ina alama ya duara katikati.

Sasa masomo haya ya kuendelea ni yapi? Si lazima mtu arudi chuoni miaka miwili. Ni yale mafunzo mafupi anayoyapata mtu aliyekwisha hitimu, mwaka baada ya mwaka, ili ujuzi wake usipitwe na wakati: warsha, kongamano, kozi ya wiki, kuisoma sheria mpya na wenzake. Hapa Kenya washauri nasaha wana sheria yao, nambari 14 ya mwaka 2014, inayomtaka mshauri nasaha au mwanasaikolojia asajiliwe na Bodi kabla ya kufanya kazi hiyo kwa watu. Kipo pia chama chao, KCPA, na wafanyakazi wa jamii wana chao, KNASW. Vyama hivi huandaa mafunzo. Masharti ya leseni na saa za mafunzo yaulizwe huko huko, mwaka kwa mwaka, si kwa jirani aliyejisajili zamani.

Tuseme pia kwamba ziko semina za chai na picha. Unatia sahihi asubuhi, unakula samosa, jioni unapewa cheti, na ukiulizwa umejifunza nini unaanza kutafuta karatasi. Hizo hazimsaidii mtu.

Mambo hubadilika kweli kweli. Wenzetu waliofunzwa ushauri wa Ukimwi zamani walizoea kumwambia mtu aliyeambukizwa angoje, chembe zake za CD4 zishuke kiasi fulani ndipo aanzishiwe dawa. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa Kenya ni kumwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja. Mshauri anayetumia daftari lake la zamani anamchelewesha mtu.

Au tuchukue jambo la kujaribu kujiua, ambalo watu hulinong'ona tu. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kililifanya kuwa kosa, na familia nyingi zilificha: hospitalini wanasema amekunywa dawa kwa bahati mbaya. Nasi tulinyamaza pamoja nao, tukiogopa mgonjwa asitoke kitandani akaingia rumande. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Asiyeisikia habari hiyo bado anaishauri familia ifiche, na daktari hapati kujua anamtibu nini.

Lakini si sheria na dawa peke yake. Iko sehemu moja ya masomo haya ambayo haina cheti, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa. Washauri huiita supavisheni. Mshauri anakaa na mkubwa wake katika kazi, anamweleza kesi zake bila kutaja majina, na yule mkubwa anamsikiliza anavyofanya kazi. Mwenzetu mmoja, kila mama aliyemjia na kilio cha kijana wa unga, alimwambia neno moja: mfukuze nyumbani. Mkubwa wake akamwuliza taratibu, "Huyu unayemfukuza ni nani?" Akalia. Alikuwa na kaka aliyetumia unga, na kina mama wote wale alikuwa akiwajibu kwa uchungu wa nyumbani kwao. Isitoshe, hakujua kwamba tiba ya methadoni ilianza Mathari mwishoni mwa 2014, ikafika Malindi mwaka 2015, na baadaye hata Kisauni, hapo tu ukivuka daraja la Nyali. Kijana anakwenda kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Yule aliyefukuzwa atalala wapi, na nani atamwamsha aende?

Mji wa Kale haukungoja diploma zetu ili upate nasaha. Watu wana masomo na makungwi wao, wana walimu wa chuo, wana wazee wa baraza. Mtu akiwapita wote hao akaja kwetu, anataka kitu ambacho kule hakukipata. Kwa hivyo msomaji, unayo haki ya kumwuliza mshauri wako: umesajiliwa? Mara ya mwisho umesoma lini, na ulisoma nini? Kesi ngumu unampelekea nani? Akikasirika, tafuta mwingine. Na kwa shida ya mtoto, simu 116 hupigwa bila malipo.

Sisi sasa tunakutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni, chumba cha nyuma. Kila mtu huja na jambo moja jipya alilosoma na kesi moja iliyomshinda. Wahudumu wa parokia nyingine mnakaribishwa, na wa misikitini pia, wawili wameshaanza kuja. Feni ni moja, na chai hunywewa mwishoni, barua zikishasomwa.