Kabla Kifua Hakijauma

Jioni Dar es Salaam, kwenye meza za supu ya pweza, wateja wengi ni wanaume, na si wote waliofuata ladha. Anayeona supu haitoshi kumpa nguvu za kiume huhamia kwenye vumbi la Kongo. Mwenye haya huingia duka la dawa, akangoja wenzake watoke, ndipo amnong'oneze muuzaji. Anapewa kidonge. Presha yake ni ngapi, sukari alipima lini, haulizwi.

Na hayo ndiyo maswali yenyewe. Uume husimama damu inapoujaa, na damu hiyo hupita pale utando wa ndani wa mishipa unapotoa gesi ya naitriki oksaidi, mishipa ikalegea na kutanuka. Kisukari, presha, sigara na mafuta mengi kwenye damu huuharibu utando huo mwili mzima. Ila mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ya moyo ni 3 hadi 4. Mgando wa mafuta unaokwisha kuuziba mshipa mwembamba, ule mpana bado unaustahimili, na mwenyewe anajiona mzima. Mwaka 2003 Francesco Montorsi na wenzake wa Milan waliripoti juu ya wagonjwa 300 waliofikishwa hospitali na maumivu ya kifua, mishipa ya moyo ikiwa imeziba. Karibu nusu walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume, na kwa wengi wao ulitangulia dalili za moyo, kwa wastani wa miaka mitatu na ushei.

Miaka mitatu inatosha kupunguza kitambi na kuacha sigara. Utafiti mwingine wa Italia, wa 2004, uliwaweka wanaume wanene kwenye mlo wa mpango na mazoezi kwa miaka miwili. Takriban theluthi moja walirudi sawa.

Si kila kisa ni cha mishipa, bila shaka. Anayeamka asubuhi yuko vizuri lakini usiku anashindwa, pengine ana mawazo, au nyumbani hapakaliki. Aliyevuka 40 na asubuhi nako kimya, aanze kwa daktari.

Kidonge chenyewe sikibezi. Sildenafil ilijaribiwa kwanza kwa maumivu ya kifua, kabla ya Marekani kuiidhinisha mwaka 1998 kwa kazi tunayoijua. Lakini hufungua njia kwa saa chache tu, haiondoi kilichoziba. Ikikutana na naitreti, dawa wanayopewa wagonjwa wa moyo, presha huporomoka vibaya. Ndiyo maana mwanamume anayeletwa usiku ameshika kifua huulizwa kama amemeza kitu. Mara nyingine mke aliyemleta ndiye anayejibu, na yeye hajui.