Mjibu Mtoto Anapocheza

Mzazi wa Sirisia akitaka mtoto wake aanze kusema vizuri, mara nyingi wazo la kwanza huwa ni kununua: vitu vya plastiki vyenye taa na sauti kutoka madukani Bungoma au Kitale, au bando la kumfungulia video kwenye simu. Pesa hizo zingekaa mfukoni. Kinachomfundisha mtoto mchanga kusema ni mtu anayemjibu, na nafasi ya kumjibu iko palepale anapochezea.

Chukua siku ya kupukuchua mahindi. Mama amekaa kwenye turubai, na mwanawe wa miaka miwili ameokota gunzi, amelifunga kwa kitambaa na kulibembeleza. "Mtoto!" anasema. Wengi wetu tungeitikia "ehe" na kuendelea na kazi. Huyu mama anatazama gunzi na kusema, "Mtoto amechoka, anataka kulala." Kisha ananyamaza. Kimya kinaendelea kidogo, halafu kijana anasema, "Lala." "Ndiyo, baba, analala. Tumfunike na nini?" Mtoto anakimbilia maganda ya mahindi. "Unamfunika! Unamfunika na maganda."

Kazi ya kupukuchua haikusimama, lakini mengi yamefanyika. Mama hakumwambia mtoto ataje majina ya vitu. Alifuata kile ambacho macho ya mtoto yalikuwa yameshika, na neno likisikika wakati huo hushika haraka kuliko neno la kukaririshwa. Neno moja la mtoto alimrudishia likiwa sentensi. Zaidi ya yote, alisubiri. Mtoto mdogo huhitaji muda kulitafuta neno na kupanga ulimi, nasi watu wazima humkatiza kabla hajafika. Baada ya kumwambia kitu, hesabu moyoni hadi tano. Utashangaa ni mara ngapi jibu huja kwenye nne.

Wakubwa kidogo, wa miaka mitatu hadi mitano, wana kalongolongo. Huwa inanisikitisha kuona ikikatizwa kwa sababu watoto "wanachafuka tu." Mtoto anayesema "wewe utakuwa kukhu (nyanya), mimi nitapika, halafu wageni watakuja" anapanga matukio kwa mfuatano, anatumia wakati ujao na anabadilisha sauti kulingana na mhusika. Ukiwa na dakika chache, ingia kama mgeni. Ulizia chakula, lalamika kwamba chumvi imezidi, omba maji ya kunawa. Wafundishe pia ndugu wakubwa wanaoachiwa watoto kufanya hivyo, maana mchana kutwa wao ndio wazungumzaji wakuu wa mtoto.

Kuhusu lugha, sikubaliani kabisa na ushauri kwamba Lubukusu kinamchelewesha mtoto. Hakimcheleweshi. Kukulia katika lugha mbili au tatu si chanzo cha kuchelewa kusema. Mtoto anayesema "engokho" (kuku) kwa nyanyake na "maji" kwa jirani ana maneno mawili, na yote yahesabiwe. Huko Kilifi, watafiti walipotaka kupima usemi wa watoto wadogo walitengeneza orodha za maneno za Kigiriama na za Kiswahili, kwa kuwa kumpima mtoto kwa lugha asiyoisikia nyumbani hakusemi lolote kumhusu. Mtaala wa umilisi nao unataka lugha ya eneo itumike katika PP1 na PP2. Zungumza naye lugha unayoimudu zaidi, ile unayoweza kumwongelesha na hata kumtania kwayo bila kutafuta maneno.

Wala usiseme hukusoma. Katika utafiti uliofanywa vijijini hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020, wazazi walipewa vitabu vya hadithi vyenye picha na kuonyeshwa namna ya kuzungumza na watoto juu ya picha hizo. Watoto waliongeza msamiati wa vitabu hivyo, na wale ambao walezi wao hawakujua kusoma hawakuachwa nyuma.

Simu inasema sana ila haimsikilizi mtoto. Aliye chini ya miaka miwili haihitaji.

Pamoja na hayo yote, wapo watoto ambao mchezo peke yake hautawatosha. Kufikia mwaka mmoja mtoto anapaswa kugeuka akiitwa, kubwabwaja na kuonyesha anachotaka. Kufikia miaka miwili awe anaunganisha maneno mawili, kama "mama kuja." Asipofanya hivyo, msikimbilie kumkata chini ya ulimi. Ulimi ulioshikwa haumzuii mtoto kuanza kusema, na jeraha lile laweza kumletea maambukizi. Cha kuangaliwa kwanza ni masikio, hasa kwa mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara, kwani asiyesikia vizuri hawezi kuiga asichokisikia.

Nafasi nzuri ya kuuliza ni siku ya chanjo: ile ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Nendeni na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na kabla ya kuondoka mwulizeni muuguzi kuhusu kusikia na kusema kwa mtoto. Akiwa na shaka, ombeni barua ya rufaa ya kupimwa masikio, au mpelekeni mtoto kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalum, EARC. Vituo hivyo vimekuwepo nchini tangu 1984, na hakuna haja ya kungoja hadi afikishe umri wa kuanza shule.